Tone Moja na Nusu

Kosa la kwanza nililofanya Andikoni lilikuwa kuwauliza wenyeji wangu wako wangapi. Nilikuwa nimekaribishwa vizuri, nimepewa mkeka na kikombe cha tangawizi, nyumba imejaa watu kama ninavyopenda mimi, nikaona niseme neno la kufungulia maongezi.

"Mashallah, nyumba imefurika," nikasema. "Mko wangapi humu ndani?"

Maongezi yakakatika. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Mwenye nyumba, Bi Mwanasiti, mwanamke mnene wa sauti ya upole, akaniinamia sikioni.

"Dada mgeni, huku kwetu hiyo haisemwi."

"Haisemwi nini?"

"Hiyo ya kuhesabu. Inaandikwa tu."

Nikadhani ni kuogopa kijicho, maana hata kwetu wapo wasiopenda kuhesabiwa watoto wao. Nikajaribu kulainisha mambo. Nikawaambia kwetu nina shangazi, mwanamke mcheshi sana, anaitwa Bi Tatu. Hapo watoto wakatolewa nje kabisa.

Baadaye nilielezwa, kidogo kidogo, na watu mbalimbali, jikoni na kisimani, nami nayaandika kama nilivyoyapata.

Andikoni ina watu wa Mlimani na watu wa Bondeni. Wanasema lugha moja, wanakula ugali mmoja, wanaoana na kuachana kama watu wengine. Tofauti yao ni hii. Mtu wa Mlimani akiandika mikate miwili na nusu, huweka nukta kati ya ile miwili na ile nusu. Na namba ikifika maelfu, huitenga kwa mkato ili jicho lipate kupumzika. Mtu wa Bondeni hufanya kinyume chake: mkato ndio unaotenga nusu, nukta ndiyo inayopumzisha jicho kwenye maelfu. Nilitafuta tofauti nyingine kwa muda mrefu, maana mimi napenda kujua watu wanachukiana kwa nini, sikuiona.

Alama zenyewe si zao. Zamani Mlimani walitawaliwa na wageni wa viatu virefu, Bondeni wakatawaliwa na wageni wa kofia pana. Wageni hao waliondoka na kila kilichobebeka, wakaacha namna yao ya kuandika namba. Leo ukimwambia mtu wa Bondeni kwamba mkato wake uliletwa na kofia pana, atakuonyesha kaburi la babu yake na kukuuliza kama na huyo aliletwa.

Baada ya wageni kuondoka, ugomvi ulikuwa mwingi sokoni. Huyu anasema alitaja hivi, yule anasema hakutaja. Ndipo wakubwa wakatunga Sheria ya Mdomo: namba iliyotamkwa ni umbeya, iliyoandikwa ndiyo kweli. Anayetamka anafungwa kitambaa mdomoni, na mwenye kitambaa haruhusiwi kuuguza mgonjwa wala kulea mtoto mpaka kifunguliwe. Mgeni akitamka, anafungwa mwenyeji wake. Na kifungu kingine kinasema kumuuliza mtu namba aliyoandika ina maana gani ni kumtukana, kwa kuwa ni kama kumwambia hajui kuandika.

Kisha ukajengwa Mtambo mjini, wa kusoma namba zote za nchi na kumpa kila mtu alichoandikiwa. Mafundi walioujenga walikuwa wa Mlimani. Sikumsikia mtu akisema walikuwa na nia mbaya. Walipofika kwenye nukta, waliufundisha Mtambo kama walivyofundishwa wao, wakaenda kula. Kwamba kuna watu duniani wanaoisoma nukta vingine, halikuwapitia kichwani, na kuuliza kulikuwa ni tusi.

Mtaa wa Bi Mwanasiti uko Bondeni, na ukiingia unaona zambarau tupu. Kuta zimefungwa kitambaa cha zambarau, paa la msikiti limefunikwa zambarau, mbuzi wamevaa zambarau. Mwenye kitambaa hicho cha zambarau ni jirani, Bi Staamili, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, tulipatana siku ileile.

"Nilitaka gauni tu, shoga," akaniambia. "Harusi ya mdogo wangu. Mita kadhaa na kipande cha kuzidisha, niweke marinda. Nikaandika kwa mkato wetu wa heshima. Kesho yake nikaamka, malori yamepanga foleni mpaka mtoni."

"Hukuyarudisha?"

"Niyarudishe vipi? Nimeandika mwenyewe. Kurudisha si ni kusema Mtambo mwongo?"

"Na harusi ilikuwaje?"

"Bwana harusi zambarau, bibi harusi zambarau, sufuria za pilau zambarau. Walipopiga picha, hakuna aliyejulikana alipoishia na ukuta ulipoanzia."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Bi Mwanasiti hakucheka. Aliinuka, akachukua bakuli la maji ya vuguvugu, akaingia chumba cha ndani, nami nikamfuata kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata.

Mumewe, Bwana Shaame, alikuwa amelala ameegemezwa mito. Miguu yake ilikuwa imejaa maji, inang'aa kama ngozi ya ngoma, na kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta gogo. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari Lukoo, wa Bondeni, alimpima akamwandikia dawa ya matone. Dawa hiyo huwekwa mjini na kufunguliwa na Mtambo peke yake, kwa kila mgonjwa kadiri alivyoandikiwa kwa siku. Daktari aliandika moja, akaweka nukta ya kupumzisha jicho, akaandika mia tano. Kila mtu wa Bondeni anayejua kusoma anajua hiyo ni elfu moja na mia tano, kikombe kidogo cha dawa. Mtambo ukasoma moja na nusu.

Niliwaona wakileta. Asubuhi walikuja maofisa wawili wa Idara ya Afya wamevaa glavu nyeupe, na sinia la fedha. Juu ya sinia kulikuwa na kijiko, na ndani ya kijiko tone moja na nusu. Nilidhani utani. Lakini mmoja wao alikuwa Mgawanyi wa Matone, cheo kinachosomewa, na kazi yake ni kulikata tone la pili kwa wembe mwembamba juu ya kioo. Alinieleza, kwa unyenyekevu wa kweli, kwamba kipande chake hakijawahi kuzidi wala kupungua.

"Na kile kipande kingine mnakipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kinamwagwa, dada. Hakina mwenyewe."

Bwana Shaame alifungua mdomo, kijiko kikaingia, kikatoka. Alilamba midomo yake akitafuta kitu.

"Leo ilikuwa tamu kidogo," akasema. "Au ni kijiko?"

"Ni kijiko," akasema mkewe.

Maofisa walipoondoka nilimvuta Bi Mwanasiti jikoni. "Wewe unajua alichoandika daktari."

"Najua."

"Sema basi!"

"Nikisema nafungwa kitambaa. Nikifungwa, namwacha nani amgeuze ubavu? Nani amfute jasho? Na wewe ukisema, ninafungwa mimi." Alikuwa akichambua mchele, na vidole havikusimama. "Wewe ukiwa nyumbani kwangu, mdomo wako ni wa kwangu. Nakuomba, mwenzangu."

Nikanyamaza. Sina kazi niliyoiona ngumu kuliko hiyo.

Nyumba haikukosa wageni. Kila jioni walikuja, wakajaza ukumbi mpaka barazani, na mimi nilipenda kule kujaa kwao, ila mazungumzo yalikuwa na mashimo. Mtu alisema, "Amepata ile?" Mwingine akajibu, "Amepata, kama ilivyoandikwa." Wote wakatazama chini. Wote walikuwa wa Bondeni, wote walijua kusoma. Walileta uji, walileta ndizi, walisifu glavu nyeupe.

Siku ambayo Bwana Shaame alishindwa kulala chali, tulikwenda mjini kwa Karani Mkuu wa Usomaji, Bwana Mdoe. Ni mtu wa Mlimani, msafi, mwenye huruma usoni. Alitupa viti. Bi Mwanasiti akaweka mezani nakala ya alichoandika daktari, akaweka na kijiko kando yake, akakaa kimya. Ndivyo wanavyolalamika huko.

Bwana Mdoe akatazama nakala, akatazama kijiko. "Vinalingana," akasema.

"Mheshimiwa, mume wangu anakufa."

"Pole sana, bibi. Naliona hilo kwenye ripoti, na limenigusa. Lakini Mtambo umesoma kilichoandikwa."

"Nendeni mkamuulize daktari."

Makarani wengine wakainua vichwa. Bwana Mdoe akafunga macho kidogo, kama mtu aliyepigwa na vumbi. "Bibi, nitachukulia sikusikia. Daktari Lukoo ni msomi. Unataka nimtukane mbele ya vijana hawa?"

Nikafungua mdomo. "Lakini bwana, ni el—" Bi Mwanasiti akanifinya paja, alama yake ninayo mpaka leo.

Kutoka hapo tukaenda kwa Daktari Lukoo. Alikuwa mzee mwenye haraka. Alipoona kijiko, akaivuta nakala yake, akaisoma tena. Nilimwona kwa macho yangu, alielewa palepale. Kisha akajikaza.

"Mimi nimeandika sawasawa," akasema.

"Hakuna anayesema hukuandika sawasawa, daktari. Tunaomba uandike tena, kwa alama yao. Mume wangu apone, basi."

"Kwa alama yao?" Akaangalia mlangoni. "Mama, niko Bondeni. Niliapishwa kwa mkato. Nikiandika kwa namna ya Mlimani, kesho hakuna mgonjwa atakayenisogelea. Watasema Lukoo amenunuliwa." Akamrudishia kijiko. "Mwambie Bwana Shaame asile chumvi."

Kwa kuwa daktari alikuwa sahihi na Mtambo ulikuwa sahihi, sheria ya nchi inasema kosa liko kwa mgonjwa. Ikaletwa hati nyumbani inayomshtaki Bwana Shaame kwa kuchelewa kupona. Alisomewa akiwa ameegemea mito. Aliomba radhi.

Kesi ikafika Barazani, kwenye kikao cha wajumbe wa nchi, na mimi sikukosa. Nilikaa pembeni kwa wageni. Mjumbe wa Mlimani alisimama akasema nukta ni ndogo, haina makuu, inafaa kukaa mahali pa hatari. Mjumbe wa Bondeni akajibu kwamba mkato una mkia, na chenye mkia kinajulikana kimeelekea wapi. Mwingine akapendekeza alama zote mbili ziandikwe pamoja, moja juu ya nyingine, umoja wa taifa uonekane. Mwingine akataka alama zifutwe kabisa, na namba zisogezwe karibu karibu zizoeane. Walipigiana makofi. Mzee mmoja wa Bondeni alilia alipokumbuka mkato wa mama yake. Jina la Bwana Shaame lilitajwa mwanzoni na halikurudi tena.

Wakakubaliana, kwa mara ya kwanza katika historia yao, kuunda kamati ya pamoja ya watu saba. Kwa kuwa kikao kilikuwa Bondeni, karani wa Bondeni ndiye aliyepewa heshima ya kuandika. Bondeni jambo kubwa halipewi namba tupu. Huandikwa namba, kisha mkato, kisha sifuri tatu, kuonyesha ni kamili, haikupungua hata punje. Akaandika saba kamili, kwa mwandiko mzuri, akaupelekea Mtambo.

Mtambo ukaita watu elfu saba.

Waliitika wote, maana wito wa Mtambo haukataliwi. Maduka yakafungwa. Walimu waliacha watoto madarasani. Daktari Lukoo aliitwa, Mgawanyi wa Matone aliitwa, mwenzake wa sinia aliitwa, Bi Staamili aliitwa akaja na mwavuli wa zambarau. Walisimama kwenye uwanja mkubwa wa mji, juani, bila kujua wafanye nini, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema wamezidi. Kila aliyetazama uwanja aliona wamezidi.

Asubuhi hiyo sinia halikuja. Bi Mwanasiti alingoja, akachungulia barabarani, akangoja tena. Hata tone moja na nusu lilikuwa ni kitu. Mumewe alikuwa amelizoea. Akamwachia mama mkwe wake kizee amwangalie, akajifunga kanga kiunoni, tukaenda uwanjani kumtafuta Mgawanyi.

Tulimkuta mbele kabisa, karibu na jukwaa, glavu zake zimelowa jasho.

"Njoo umpe dawa," Bi Mwanasiti akamwambia.

"Siwezi, mama. Niko kamatini."

"Kamati gani? Huoni watu hawa?"

"Ninawaona."

"Basi?"

Akavua glavu, akaikamua, akaivaa tena.

Nilimwona Bi Mwanasiti akigeuka, akiangalia umati ule wote ulionyamaza, kisha akapanda jukwaani. Hakuwa na haraka. Bwana Mdoe alimwona, akainua mkono, akachelewa.

"Elfu moja na mia tano!" akasema. Sauti yake ile ya upole ilifika mbali kuliko nilivyotarajia. "Matone ya mume wangu. Elfu moja, na mia tano. Si moja na nusu. Elfu moja na mia tano!"

Watu waliziba masikio, lakini walikuwa wameshasikia. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa nililiona mwenyewe: walisikia wa Mlimani, walisikia wa Bondeni, na wote walisikia kitu kimoja. Bwana Mdoe alimtazama Daktari Lukoo kule chini, na Daktari Lukoo akamtazama yeye, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu walioelewana. Hata Bi Staamili aliteremsha mwavuli. Nikafikiri, sasa limekwisha.

Bwana Mdoe akasafisha koo. Akasema kwamba, kwa kuwa neno limekwisha kutoka, na kwa kuwa mgonjwa ni mgonjwa, Baraza linaweza kulipokea kwa dharura, ili mradi liandikwe. Karani wa Mlimani akaandika upande wake. Karani wa Bondeni akaandika upande wake. Wakabadilishana karatasi kuhakikisha. Karani wa Mlimani akasema, "Mwenzangu amepunguza." Karani wa Bondeni akasema, "Mwenzangu ndiye aliyepunguza." Na watu elfu saba, waliokuwa wamesimama kimya tangu asubuhi, hatimaye wakapata la kufanya.

Tuliondoka wakigombana. Bi Mwanasiti alikuwa amefungwa kitambaa. Kwa kukosa kingine walimfunga kipande cha zambarau. Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, ameweka mikono juu ya kichwa.

Bwana Shaame alikuwa amefunikwa. Miguu yake ilinyanyua shuka juu kama vilima.

Nyumba ilijaa usiku huo kuliko nilivyowahi kuiona. Sikufurahia.

Kaburi nalo huombwa kwa maandishi. Shemeji wa marehemu, mtu wa Bondeni, aliandika kina kama wanavyoandika siku zote kwao: mita moja, mkato, robo tatu yake. Asubuhi wakaja wachimbaji wa serikali, kundi zima, na kamba, na ngazi za kuunganisha, na taa za kuvaa kichwani. Nikajua Mtambo umesoma nini.

Walichimba tangu alfajiri. Maiti ilikuwa kivulini, waombolezaji wamekaa wakiangalia udongo ukipanda juu kwa makarai. Mchana kichwa cha mchimbaji wa mwisho kilizama. Alasiri ngazi ya pili ikafungwa chini ya ya kwanza. Karani wa maziko alisimama pembeni na kalamu.

Bi Mwanasiti akainuka, akaenda ukingoni, akakifungua kitambaa mdomoni kwa mikono yake. Kisha akapiga magoti, akainama juu ya shimo.

"Wanangu," akaita. "Marehemu hakuwa mrefu. Panatosha."

Majembe yakatulia. Sauti ya mwanamume ikapanda kutoka gizani. "Tunajua, mama."

"Mnajua?"

"Tulijua tangu udongo ulipotufika kifuani. Sisi pia tumezika wazazi."

"Mbona sasa mnachimba?"

"Imeandikwa."

"Mngesema!"

Ile sauti ikasema, bila ukali, "Na wewe, mama, ulijua habari ya matone tangu kijiko cha kwanza."

Nilidhani ataanguka. Nilimshika kanga kwa nyuma. Lakini hakuanguka. Alibaki ameinama, mikono imeshika nyasi za ukingoni, mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Mita moja na robo tatu," akasema hatimaye. "Ndivyo alivyoandikiwa. Moja, na robo tatu."

"Sema tena, mama," sauti ikaomba. "Huku chini tunasikia vizuri."

Akasema tena. Tukasikia majembe yakiwekwa kando.

Wachimbaji wakapanda mmoja mmoja, wekundu kwa udongo, hawakumtazama mtu usoni. Sasa ikawa lazima shimo lirudishiwe udongo, mpaka libaki kina cha mtu. Kila aliyekuja alichukua karai, nami nikachukua langu, tukajipanga mstari tukawa tunapokezana udongo uleule tulioutazama ukitoka.

Nyuma yangu alikuwa Bi Staamili. Nilimsikia akinong'ona kila karai lilipopita mikononi mwake, kwa sauti ya chini, kama anayeiba: moja, mbili, tatu, nne. Mbele yangu mtu akaipokea namba hiyo, naye akaiendeleza. Sikuinua uso kutazama ni nani. Karani wa maziko alisikia pia. Alisogea karibu, akasikiliza kichwa kimeinama upande, akafungua wino, akaandika.

Sijui aliweka alama gani.